Jina la Gari la Mjomba Kondo

Siku ile ya gulio pale Mkuyuni sijaisahau, mwanangu, na wala sitaki kuisahau. Nilikuwa nimepanga mananasi yangu juu ya majani ya mgomba, khanga nimeifunga kiunoni, nawasubiri wachuuzi wa mjini. Mara nikasikia watu wanashangilia upande wa barabarani. Nikainua kichwa. Nikaona gari la mjomba wangu Kondo linakuja, rangi ya kijani inang'aa, kibao cha namba ni kilekile, na pembe ya kibao hicho imekunjika palepale ilipokunjwa na beberu wa jirani yetu.

Nanasi lilinidondoka mkononi. Maana gari lile lilikuwa limekufa miaka mingi. Asubuhi ileile nilikuwa nimetoka kuokota mayai ndani yake.

Lakini ngoja kwanza, nisije nikakupoteza. Nakuita mwanangu ingawa aliyekuzaa ni binti yangu. Kwetu Waluguru hilo halina makosa. Ukoo unashuka kwa mama, na mtoto wa binti yangu ni wangu kweli kweli, hata akiwa mkaidi kama wewe. Jana ulinisogezea simu karibu inichome pua. "Bibi, cheki chuma hiki. Bei chee. Kadi ipo, ila ina jina la mtu mwingine, tutabadilisha huko mbele." Nikakuuliza, na huyo mwenye jina yuko wapi? Ukacheka: "Bibi nawe! Sinunui mtu, nanunua gari." Nikanyamaza. Usidhani ulinishinda. Nilinyamaza kwa sababu hasira zangu unazijua, na mtu mwenye hasira akiwahi kusema husema nusu. Leo nasema yote, nawe utakaa hapo hapo, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Mjomba Kondo alikuwa kaka wa mama yangu na mkubwa wa ukoo wetu. Ndiye mtu wa kwanza kuwa na gari upande wetu ule wa mlima, Landrova ya zamani yenye bati nene, inapanda milima kama mbuzi. Mjamzito akishikwa na uchungu, watu hawakusema katafuteni gari. Walisema kamwiteni Kondo. Akikubebea ndizi zikafika mjini zimepondeka, anakulipa kabla hujafungua mdomo. Basi lile gari likawa na sifa kuliko magari mazuri ya watu wengine. Kisha likachoka. Chasisi, ule mhimili mrefu wa chini unaobeba gari zima, ikaliwa na kutu. Mafundi wakamwambia inaungika. Mjomba akasema, "Limenitumikia, sitaki liniulie watu." Akaliegesha nyuma ya nyumba, kuku wakahamia.

Kaka yangu Rajabu, ambaye wewe unamwita Babu Rajabu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Morogoro, kwenye gereji bubu moja kando ya reli. Nikuambie kweli, mikono yake ilikuwa na baraka. Akiunga sufuria, huoni lilipotoboka. Na kwa kuwa ndiye mpwa mkubwa, kila mtu alijua kwamba siku mjomba akifumba macho, jina litakwenda kwa Rajabu.

Hapo ndipo unapotakiwa kunisikiliza vizuri, maana ninyi mnaokulia mjini desturi mnazionjaonja tu. Kwetu jina la mkubwa wa ukoo halizikwi naye. Matanga yakiondoka, ukoo hukaa, watani huja na maneno yao makali, na mpwa hukalishwa mkekani mbele ya watu wote akaitwa kwa jina la marehemu. Tangu siku hiyo jina ni lake. Na yatima ni wake, na ugomvi ni wake, na kama marehemu alimkosea mtu, huyo mpwa ndiye atakayekwenda kuomba radhi. Rajabu aliijua desturi hiyo. Shida yake aliijua upande wa utamu tu.

Miezi michache kabla ya gulio lile, Rajabu alikuja nyumbani na zawadi ya sukari na mchele. Akamwambia mjomba kwamba kuna wanunuzi wa vyuma chakavu mjini, wanataka na kadi ya gari ili wasije wakakamatwa kwa wizi. Mjomba akampa kadi bila kuuliza la pili. Rajabu akaingia nyuma ya nyumba na vifaa vyake, akafungua vibao vya namba, akakata na kipande kidogo cha chuma kwenye chasisi, pale palipogongwa namba ya gari. Nilimuona kwa macho yangu. Nikamuuliza, hicho kidogo hivyo cha nini? Akasema, "Ukumbusho." Mimi nikarudi jikoni kwenye mchicha wangu.

Sasa turudi gulioni. Gari likasimama, akashuka Gaspari. Huyu alikuwa mkulima wa mboga kutoka kijiji cha juu kabisa, kule kwenye kigango cha Wakatoliki, mtu mpole, mikono imepasuka kwa jembe. Siku hiyo alivaa viatu vya ngozi.

"Mwanahawa! Umeona mambo? Gari la mjomba wako limefufuka!"

"Umelipata wapi, kaka Gaspari?"

"Kwa Rajabu, gereji. Kalifanya upya lote. Mimi na mke wangu tumeuza ng'ombe, tumeuza na lile shamba la bondeni. Kulikuwa na mengine ya bei ndogo, nikakataa. Nikasema nataka gari la Kondo. Jina hilo peke yake linanitosha."

Nilitaka kuongea, hakunipa nafasi. Yeye anaendelea tu, furaha imemjaa. "Linalia kidogo chini, tukipita kwenye makorongo. Kwii, kwii. Rajabu kasema kiatu kipya lazima kilie." Akacheka. Kisha akaongeza. "Jumapili nawashusha watoto wa komunyo ya kwanza mpaka parokiani. Kila mwaka wanatembea, wanafika magauni yana matope. Mwaka huu watafika kama malaika."

Unaijua ile njia ya kutoka kigangoni. Upande mmoja mlima, upande mmoja huoni chini. Mananasi yangu siku ile niliyauza kwa bei ya kutupa, nikadandia gari la kwanza lililoteremka mjini.

Nilimkuta Rajabu gereji, miwani myeusi ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso.

"Kaka, nimeliona gari la mjomba Mkuyuni."

"Limetoka bomba, eh?"

"Gari la mjomba limo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia."

Wenzake wakaangua kicheko. Rajabu akanivuta pembeni, na wala hakuhangaika kunificha. Kipande cha mbele kilitoka kwenye gari lililoungua. Cha nyuma, kwenye gari lililopinduka mtoni. Injini akaniambia nisiulize ilikotoka. "Vyuma vizima vyote, Mwanahawa, ila havina kadi. Na gari lisilo na kadi ni kama mtoto asiye na kwao, nani atalinunua? Jina la mjomba lilikuwepo, limekaa bure na kuku. Nikalipachika. Kwani sisi Waluguru jina tunazika? Mjomba akifa si mimi nitaitwa Kondo? Basi na gari nalo limerithi!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, mwanangu, nilicheka kwa sauti, maana alilisema vizuri. Uongo mtamu unateremka kama uji. Ndiyo maana nakuogopea wewe, kwa kuwa jana ulinisemea maneno matamu vilevile.

Kicheko kilipokwisha nikakumbuka. "Na ule mlio wa chini?"

Akatazama pembeni. "Niliongeza bamba pale kwenye maungio. Nikapiga rangi."

"Jumapili linashusha watoto wa kigangoni."

"Watafika."

"Kaka. Ungempandisha Zuhura?"

Zuhura alikuwa binti yake, amempa jina la mama yetu, na alikuwa akimpenda mpaka watu wanamtania. Alivuta ile miwani myeusi akaivaa, na mashine ilikuwa imezimwa. Akasimama hivyo hivyo, ameficha macho, mpaka nikaondoka.

Nilikwenda kwa mama. Nilijua mama atalia nami, tutafute njia. Wapi! Mama alinikamata mkono akanibana. "Ukilisema hili, kaka yako anafungwa. Na mjomba wako je? Kadi ina jina la nani? Unataka kumwingiza mzee polisi kwa mdomo wako? Nyamaza, Mwanahawa. Damu nzito kuliko maji."

Nikamwambia, "Mama, na watoto wa kigangoni wana maji mwilini?"

Aligeukia ukutani. Tulikaa muda mrefu baada ya siku hizo mama hasemi nami isipokuwa salamu, na liliniuma, nisikudanganye. Watu husema ukisema ukweli moyo unakuwa mwepesi. Wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Niliwaza nikinyamaza na gari likafika salama, nitakuwa nimemwokoa kaka. Nikinyamaza na lisifike, je? Nilikuwa naona yale magauni meupe tu.

Jumamosi asubuhi nilipanda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema kama umekimbizwa?"

Nikasema yote, toka kadi mpaka bamba na rangi. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliinuka taratibu, akazunguka nyuma ya nyumba, akafukuza kuku, akapiga magoti na uzee wake ule kwenye tope. Akapapasa chini ya gari mpaka kidole kikapata pale palipokatwa. Kidole kikabaki kwenye lile tundu. Mjomba wangu nilikuwa sijawahi kumuona na machozi, na siku ile sikujua nitazame wapi.

Alipoinuka alisema, "Kamwite Rajabu. Kesho alfajiri tunapanda kigangoni. Mwambie aje na Zuhura, kuna safari."

Kwetu wito wa mjomba haukataliwi, hata mtu awe na makosa kiasi gani. Rajabu alikuja. Jumapili alfajiri tulipanda mlima sote, mjomba mbele na fimbo yake, Rajabu amembeba Zuhura mgongoni, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka, tunasikia maji ya makorongo tu. Nilikuwa naogopa tutachelewa, na nilikuwa naogopa tutawahi.

Tulipotokea kigangoni injini ilikuwa inanguruma. Watoto wameshapakiwa, magauni meupe, mashati meupe, mishumaa mikononi, wanaimba. Wazazi wamezunguka wanapiga vigelegele. Gaspari yuko kwenye usukani na koti la harusi yake. Mjomba akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya gari, fimbo akaichomeka barabarani.

"Gaspari, zima gari."

"Shikamoo, mzee Kondo. Tumechelewa misa."

"Marahaba. Zima kwanza."

Manung'uniko yakaanza. Mwanamke mmoja akasema, "Gari lake lilimfia, sasa anaona wivu." Kijana mmoja akasema mzee atolewe barabarani, na wawili wakasogea kweli. Mjomba hata hakuwatazama.

"Gaspari, gari hili limeandikwa jina la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi likiwaua watoto hawa, watakuwa wameuliwa na nani?"

Hapo wale vijana wakasimama. Mjomba akageuka. "Rajabu! Mpandishe mwanao. Mkalishe mbele kwa dereva, nawe ukae naye. Mteremke wote."

Mwanangu, kitoto kile hakikujua lolote. Zuhura aliona gari, akaona watoto wamependeza, akafurahi. Akateremka mgongoni kwa baba yake, akamshika mkono, anamvuta. "Baba twende! Baba, twende tupande!" Anavuta kwa nguvu zake zote, na Rajabu amesimama kama gogo, jasho linamtoka na baridi ile. Watoto ndani ya gari waliacha kuimba. Nikasema moyoni, kaka, sema. Sema, kabla hajafika mlangoni.

Zuhura alipogusa mlango, Rajabu alimnyakua akamkumbatia, akapiga magoti naye.

"Mjomba, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumpandisha."

"Sema kwa nini. Wasikie wenye watoto."

"Chasisi ni vipande viwili. Nimeunga. Imeanza kuachia."

Gaspari alizima injini. Alishuka, akavua koti akampa mkewe, akalala chali barabarani akaingia chini ya gari na kisu chake cha mboga. Tukasikia anakwangua. Anakwangua rangi, anakwangua na ule udongo wa kuzibia ambao mafundi huupaka chini ya rangi. Kisha tukasikia sauti yake kutoka chini kule, ndogo kabisa.

"Kucha yangu inaingia."

Kina mama walianza kuwashusha watoto, si kwa kuwashika mkono, kwa kuwavuta. Mmoja alikuwa analia na kumpiga mwanawe mgongoni, mtoto hajui amekosa nini. Yule aliyesema wivu alikuja kumshika mjomba miguu. Gaspari alitoka, vumbi limemjaa kichwani, akamtazama Rajabu kwa muda. Nilidhani atampiga, na ningemwacha ampige. Akasema tu, "Nilikwambia nataka gari la Kondo. Nikakwambia kwa sababu ya jina."

Sasa sikia alichosema mjomba, maana ndicho kilichonifanya nikuite hapa. Hakupaza sauti.

"Umewaambia watu gereji kwamba sisi jina hatuziki. Ni kweli. Lakini wewe nani alikukalisha mkekani? Mtani gani alikusimanga? Jina tunalitoa mchana, mbele ya anayetupenda na anayetuchukia, ili atakayelibeba ajulikane, na wote wajue wamuulize nani. Hili la kwako halikutolewa, limevuliwa. Umemvua maiti nguo yake ukamvika mwingine, ukamuuzia mtu aliyekuamini. Huyo si mrithi, Rajabu. Huyo ni mwizi wa sanda." Akachomoa fimbo yake. "Jina langu hulichukui."

Wewe huwezi kujua uzito wa neno hilo kwetu. Jela mtu anatoka. Rajabu alilia mbele za watu, na mimi dada yake nililia, maana ni mimi niliyemfikisha pale, na ningefanya hivyo tena.

Watoto walitembea. Walivua viatu wakavibeba, wakakunja magauni, wakateremka ule mlima kwa miguu kama kila mwaka. Gaspari mbele, mjomba Kondo nyuma na kofia yake ya Kiislamu, mpaka mlango wa kanisa. Padri aliwangoja. Walifika na matope mpaka magotini, na sijawahi kuona watu wanafurahia matope kama wale wazazi.

Kesho yake mjomba mwenyewe alimpeleka Rajabu polisi, akaeleza na la kadi, hakujificha hata yeye. Rajabu alifungwa. Alipotoka hakurudi gereji. Alipanda kwa Gaspari, akalima naye mboga na kumtengenezea kila chuma chake, mpaka Gaspari alipompigia mjomba simu, akasimama juu ya jiwe ndipo mtandao ushike, akasema, "Mzee, mwite mwanao arudi nyumbani. Amenilipa." Lakini neno la mjomba lilikuwa limeshatoka. Alipofariki, ukoo ulikaa, watani wakaja, mkeka ukatandikwa. Rajabu alikaa nyuma kabisa, hakuinua uso. Na wapwa wengine tulikuwa hatuna. Mkeka ukakunjwa mtupu. Jina la Kondo limekaa bila mtu mpaka leo, na kwetu jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

Sasa nasaha yangu, na usiniambie umeshaijua, maana ungekuwa unaijua usingeniletea ile picha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho chuma chako kimejitembeza mpaka kwenye simu. Kitu kikiwa na jina la mtu, mtafute huyo mtu kwanza. Akiwa hai, mkalishe mbele ya watu akukabidhi kwa mkono wake. Akiwa amekufa, waulize waliomzika. Muuzaji akikwepa swali hilo, nawe mkwepe yeye, hata kama bei ni ya bure. Rangi mpya usiisifu, ikwangue. Na wewe ukiwa ndiye fundi, ndiye muuzaji, usimuuzie mwenzio gari ambalo ungeogopa kumpandisha mwanao. Halafu usimwachie mama yako, wala bibi yako, kazi ya kuchagua kati yako na watoto wa watu. Mimi nilichagua, nikakaa miaka na mama asiyenitazama.

Kuna jingine sikuwa nimekuambia. Baada ya mavuno ukoo unakaa. Wamekubaliana jina la Kondo litoke, lisipotee kabisa. Wewe ni damu ya kwetu kwa upande wa mama, na wewe ndiye utakayekalishwa mkekani. Unajua aliyesimama kwenye kikao akakutaja? Babu Rajabu. Yule mzee unayemcheka kwa kuwa kila ukifika na gari la mtu anakuuliza kwanza, "Umechungulia chini?" Alisema, "Mimi nililivunja. Mpeni mtoto huyu, yeye hajamdanganya mtu."

Hajui habari za hilo gari lako. Sijamwambia, na sitamwambia.

Mungu akupe, mwanangu, akupe gari zuri la halali uteremke nalo milima hii na watoto wako ndani, ukifika chini uwe na usingizi mzuri. Akupe jina watu walitaje wakiwa na shida, waseme kamwiteni huyo. Na siku ukikaa mkekani, mkeka ule ukujue.

Haya, geuza simu yako. Mpigie huyo muuzaji, mimi nikiwa nasikia, umuulize mwenye jina yuko wapi.